Hukumu ya Kumfunga Mikono Mgonjwa Aliye Mahututi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu akamtukuza, akaujaalia ugonjwa kuwa mtihani na dawa kuwa rehema. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Haya ni maelezo mafupi juu ya mas-ala ambayo wazee wetu hawakuyajua kwa sura hii, kwani vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia ni mambo mapya. Walakini asili zake zimo katika vitabu vyetu, na mwenye kuzitafuta atazipata. Tumeyaandika kwa sababu ya suali lililotufikia, nalo ni hili:

SUALI

"Sheikh, assalaam alaykum. Sisi ni ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja, watu wa Tanga. Mdogo wetu alikuwa utingo wa lori. Gari yao ilipinduka katika mteremko wa Kitonga, mkoa wa Iringa, naye akaumia kichwa na kifua. Tulipofika hospitalini, huko huko nyanda za juu, tulimkuta katika chumba cha wagonjwa mahututi, ana mpira kinywani uliounganishwa na mashine ya kupumulia, na mikono yake miwili imefungwa kitandani kwa bendeji. Daktari akatueleza kuwa amekuwa akiuvuta ule mpira, akaniuliza mimi niliye mkubwa kama naridhia aendelee kufungwa. Nikaridhia, kisha nikarudi kwenye lori langu, kwani mimi pia ni dereva na nilikuwa na mzigo wa watu wa kupeleka Tunduma. Usiku wa pili ndugu yetu wa kati aliruhusiwa kuingia kumtazama. Akaona machozi yamtoka, na kifundo cha mkono kimevimba. Akaingiwa na imani, akamfungua mkono mmoja. Haukupita muda mgonjwa akaung'oa mpira. Wauguzi wakakimbilia, akarejeshewa kwa taabu, na Mwenyezi Mungu akamhifadhi. Leo yuko nyumbani, mzima wa mwili. Lakini hasemi nami. Asema nilimfungisha kama mwizi. Nami sisemi na wa kati, kwani naona alikaribia kumuua. Mama yetu kila siku yu katika machozi. Tuambie, Sheikh: ni nani katika sisi aliyekosa? Na je, yafaa Muislamu mgonjwa kufungwa kamba?"

JAWABU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Jueni ya kuwa mas-ala haya hayajibiwi kwa neno moja la "yafaa" au "haifai". Hapana budi kwanza kuijua hali ya mgonjwa yenyewe, kisha hukumu ya asili, kisha dharura na mpaka wake. Mwenye kutoa fat'wa kabla ya kuijua hali ni kama mwenye kukata nguo kabla ya kumpima mtu.

FASILI YA KWANZA: Hali ya mgonjwa huyo

Mtu akiumia kichwa, au mapafu yake yakishindwa kuvuta pumzi, matabibu humtia mpira upitao kinywani hata kwenye koo la pumzi, na mashine ikampumulia. Mpira huo ndio uhai wake kwa siku hizo. Nao ni mgumu kuustahimilia: humkaba, humzuia kusema hata neno moja, na kila akimeza mate humuumiza. Pamoja nao yumkini awe na mpira wa kulishia puani, na mpira wa mkojo, na dripu mkononi.

Kisha juu ya hayo akili yake huchafuka. Homa, jeraha la kichwa, upungufu wa hewa katika damu, dawa za usingizi, kukosa usingizi wa kweli, taa zisizozimwa na mashine zisizonyamaza, yote haya humfanya mgonjwa aweweseke. Haujui mchana wala usiku. Humwona muuguzi kuwa ni adui aliyekuja kumchinja. Hudhani yu gerezani, au yu katika gari inayozidi kupinduka. Mtu wa hali hii akinyoosha mkono kuuvuta mpira, hataki kufa. Ataka kujiokoa, ila hajui kuwa anachokitupa ndicho kinachomwokoa.

Basi hapa ndipo muuguzi anapokamata kitambaa akamfunga. Asiyeijua hali hii huona dhulma tupu. Na aliyeizoea mno huona ni jambo dogo. Wote wawili wamekosea.

FASILI YA PILI: Asili ya jambo hili ni kukatazwa

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Israa, aya ya 70, ya kuwa amewatukuza wanaadamu. Utukufu huo hauondoki kwa ugonjwa, wala kwa kupotewa na akili. Mikono ya mtu ni yake, na kuifunga bila ya haki ni kumdhuru na kumdhalilisha, na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipiza dhara kwa dhara.

Zaidi ya hayo, ipo hadithi sahihi iliyo karibu sana na mas-ala yetu, ameipokea Bukhari kwa Bi Aisha (Radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie). Katika maradhi yake Mtume (S.A.W.), watu wa nyumbani walimmiminia dawa ubavuni mwa kinywa, naye akawa akiwaashiria kuwa wasifanye. Wakasema baina yao: huyu ni mgonjwa, na mgonjwa huichukia dawa. Alipopata nafuu akawauliza kama hakuwakataza. Kisha akaamrisha kila aliyekuwamo nyumbani amiminiwe dawa ile ile huku yeye akitazama, isipokuwa ami yake Al-Abbas, kwani hakuwapo.

Tazameni ndugu zangu. Wale walikuwa watu wampendao kuliko nafsi zao, nao walitaka apone. Hata hivyo aliwatia adabu, kwa kuwa alikuwa na akili yake timamu, naye amekwisha kuwaashiria. Na Imam Nawawi katika sherehe ya Sahihi Muslim amebainisha kuwa ishara yenye kufahamika husimama pahali pa tamko. Faida hii ni kubwa kwa mgonjwa mwenye mpira kinywani, ambaye hana ulimi ila ishara. Akitikisa kichwa na akili yake imo, amekwisha kusema.

Na katika Minhaji, kitabu tunachokisomesha katika madrasa zetu za pwani, Imam huyu ameweka katika mlango wa jeneza ya kuwa kujitibu ni sunna, na kumlazimisha mgonjwa dawa ni makuruhu. Ikiwa kulazimisha dawa yenyewe kumechukizwa, basi kumfunga mtu mwenye akili zake, aliyekataa, ili atiwe dawa, ni jambo zito zaidi.

FASILI YA TATU: Dharura na mpaka wake

Ama yule aliyepotewa na akili kwa kuweweseka, hukumu yake ni nyingine. Kalamu imeondolewa juu ya asiye na akili mpaka akili imrudie, wala kukataa kwake hakuhesabiwi kukataa, kwani hajui analolikataa. Nafsi yake imekuwa amana mikononi mwa walii wake na tabibu wake, na kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Lau mtu angemwona kipofu akielekea kisimani akamshika mkono kwa nguvu, hapana ambaye angemlaumu.

Basi twasema: kumfunga mgonjwa asiye na akili, anayeng'oa kile ambacho uhai wake umekitegemea, kwafaa kwa dharura. Dharura huhalalisha kilichokatazwa. Lakini kanuni hii ina pacha wake, nayo imebainishwa na Imam Suyuti, aliyekufa mwaka 911 wa Hijra, katika kitabu chake Al-Ashbah wan-Nadhair: kilichohalalishwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura hiyo. Mwenye njaa ya kumuua hula nyamafu kadiri ya kuishika roho, wala hajazi tumbo. Na kitambaa cha kufungia mfupa uliovunjika hakipasi kufunika sehemu iliyo nzima illa ile isiyo budi. Ikiwa kitambaa cha tiba kimewekewa mpaka, kile cha kuzuilia hakikosi kuwekewa.

Na mpaka wake ni masharti saba:

1. Sababu iwepo na ionekane. Mgonjwa awe aivuta kweli mipira yake, si kwamba yadhaniwa huenda akaivuta. Asiye na hatari hafungwi kwa hadhari tu.

2. Kwanza itafutwe sababu ya kuhangaika kwake. Huenda ana maumivu, au mpira wa mkojo umeziba na kibofu kimejaa, au hewa haimtoshi, au ana kiu, au ni mtu aliyezoea ulevi na sasa umekatika ghafula. Mwenye kumfunga mtu anayelia kwa maumivu amemziba kinywa shahidi.

3. Kwanza yajaribiwe yaliyo mepesi. Asemezwe kwa lugha aijuayo. Mzee wa Kihehe aliyetoka kijijini, au bibi wa Kisafwa, akizinduka katika chumba ambacho hapana asemaye lugha yake, hana budi kuogopa. Arejeshewe miwani yake. Aambiwe ni siku gani na yuko wapi. Apewe dawa ya maumivu. Dripu ifichwe chini ya mkono wa nguo. Avishwe glavu nene za kitambaa zimzuie kushika. Na bora ya yote, mtu akae naye amshike mkono.

4. Iwe kwa amri ya tabibu, iandikwe pamoja na saa yake na sababu yake, na jamaa waelezwe.

5. Kitambaa kiwe laini, kipite vidole viwili baina yake na ngozi. Fundo liwe la kufunguka upesi. Kifungwe kwenye chuma cha kitanda kinachokwenda pamoja na mgonjwa, si kwenye ukingo unaoshushwa na kupandishwa. Vidole vitazamwe rangi na joto. Na kila baada ya kiasi cha saa mbili afunguliwe mkono mmoja mmoja hali ameshikwa, unyooshwe na kukunjwa.

6. Ikiondoka sababu, kamba iondoke saa ile ile. Kumwacha mtu kambani kwa kusahau ni dhulma iliyo wazi.

7. Isiwe adhabu, wala isiwe kwa ajili ya kumpumzisha mwenye zamu.

Masharti haya yakitimia, hapana dhambi. Yakikosekana, mkosaji atajibu mbele ya Mola wake kwa kadiri ya alilolikosa.

Wala msidhani ya kuwa kuihurumia kamba ya mtu ni ulaini wa zama hizi. Imepokewa katika vitabu vya sira ya kuwa usiku wa baada ya Badri Mtume (S.A.W.) hakupata usingizi kwa kusikia kuugua kwa ami yake Al-Abbas, aliyekuwa mateka katika vifungo. Masahaba wakamlegezea, sauti ikanyamaza. Mtume alipouliza na kuambiwa, akaamrisha mateka wote walegezewe vivyo hivyo. Hao walikuwa watu waliotoka na panga kumpiga vita. Je, mgonjwa wa Kiislamu, au mgonjwa yeyote katika wanaadamu, hastahiki zaidi kamba yake imkoseshe mtu usingizi?

FASILI YA NNE: Waliyoyaona matabibu

Yapo maneno ya kusikilizwa kwa wajuzi wa fani hii. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa vyumba 34 vya mahututi katika nchi 9 za Ulaya. Katika wagonjwa 669 waliotazamwa, theluthi moja walikuwa wamefungwa. Palikuwa na pahali hapakufungwa hata mmoja, na pahali walifungwa wote. Maradhi ni yale yale na mashine ni zile zile. Kilichotofautiana ni ada ya pahali na idadi ya watu, kwani ilionekana kuwa wauguzi wakiwa wachache mchana, waliofungwa huzidi.

Na mwaka 2018 jumuiya ya Marekani ya matabibu wa wagonjwa mahututi ilitoa mwongozo wake. Wakasema kwamba kamba hutumiwa sana ilhali haikuthibiti kwa majaribio ya nguvu kuwa huleta salama inayokusudiwa. Bali katika uchunguzi mchache uliopo, waliofungwa ndio waliozidi kung'oa mipira yao, na kuhangaika, na kuweweseka. Mtu aweza kusema: hao walifungwa kwa sababu ndio waliokuwa wakihangaika mno. Neno hili ni kweli, halikatazwi. Walakini latosha kutujulisha kuwa kamba si ngome. Aliyefungwa na kuachwa peke yake hajahifadhiwa.

Wala jambo hili halikuanza leo. Msafiri Ibn Jubayr alifika Damaski mwaka 1184, akaisifu hospitali ya Sultani Nuruddin kwa uangalizi wake, na pamoja na sifa hizo akaandika kuwa wenye wazimu walitibiwa hali wamefungwa minyororo. Waislamu walikuwa mbele katika tiba, na minyororo walikuwa nayo. Na Mwingereza John Conolly aliposhika hospitali ya wenye wazimu ya Hanwell, karibu na London, mwaka 1839, aliziondoa kamba na minyororo, akategemea watumishi walio wapole na wa kutosha. Katika habari zote hizi ibra ni moja: kamba husimama pahali pa mtu. Watu wakipungua, kamba huzidi. Watu wakizidi, kamba hupungua.

Sasa turejee kwetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulizitazama hospitali nne kubwa za Tanzania, nazo ni Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, na hospitali ya rufaa ya Mbeya, kwa miaka ya 2009 hata 2011. Mbeya ilikuwa na vitanda 480, na kitanda kimoja cha mahututi kwa kila vitanda 80. Yaani vitanda sita. Katika hospitali zote nne hapakuwa hata na tabibu mmoja aliyesomea khasa fani ya wagonjwa mahututi. Wagonjwa walikuwa 5,627. Nusu yao hawakupindukia umri wa miaka 34. Na ugonjwa uliotangulia yote ulikuwa ni jeraha la ndani ya kichwa, kiasi cha mtu mmoja katika kila wanane.

Tangu hapo mambo yamesogea mbele. Mwaka 2021 serikali ilitenga fedha za kupambana na UVIKO-19, na katika hizo vikajengwa vyumba vya mahututi katika hospitali nyingi. Lakini kitanda hujengwa kwa miezi, na muuguzi hujengwa kwa miaka.

Tumetaja hesabu hizi ili mtu wa pwani ajue kuwa si habari za mbali. Vijana wetu ndio madereva na matingo wa njia ile. Hupanda Kitonga, hupita Mafinga, huteremka Mlima Nyoka na Mbalizi, mpaka Tunduma. Kijana wa miaka 34 aliyeumia kichwa, akahangaika kitandani hali jamaa zake wako safari ya mchana kutwa na usiku, huyo ni mtoto wetu. Na aliyefungwa pasipo mtu wa kumshika mkono ni huyo huyo.

FASILI YA TANO: Sala ya aliyefungwa, na stara yake

Aliyezimia, au aliyelazwa kwa dawa ya usingizi kwa haja ya tiba, akapitwa na wakati wote wa sala, hana kadha katika madhehebu yetu. Jamaa wasimtie huzuni akizinduka kwa kumhesabia sala za wiki mbili.

Ama mwenye akili yake, sala haikumwondokea hata akiwa kambani. Aombe afunguliwe kadiri ya kutawadha. Asipoweza, atawadhishwe au atayamamishwe na mwenziwe. Kisha asali kwa ishara ya kichwa, na akishindwa, kwa macho. Asiyepata maji wala mchanga, au asiyepata wa kumwelekeza kibla, atasali alivyo kwa kuuheshimu wakati, kisha atairejea apatapo nafasi. Imepokewa katika sira kuwa Abu Lubaba, alipojifunga mwenyewe katika nguzo ya msikiti wa Mtume kwa ajili ya toba, mkewe alikuwa akija kila wakati wa sala kumfungua, asali, kisha hurejea nguzoni. Basi muuguzi akiombwa na mgonjwa mwenye akili amfungue asali, na hapana khatari, na amfungue.

Na stara ni wajibu. Aliyefungwa mikono hawezi kuvuta shuka lake likiteremka. Mwanamke mmoja mwenye kifafa alimwendea Mtume (S.A.W.), akahiarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba asifunuke anapoanguka, naye akaombewa hilo. Aliridhia maradhi, hakuridhia kufunuka. Kwa hivyo amfungaye mgonjwa amebeba dhamana ya shuka lake vile vile.

FASILI YA SITA: Wajibu wa jamaa na wa jirani

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mara nyingi sisi husimama mlangoni mwa hospitali tukilaumu kamba, na hapana hata mmoja wetu aliyeomba kukaa pahali pa kamba.

Kumtazama mgonjwa asiye na mwangalizi ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiiacha wote, wote wana dhambi. Jamaa na wamwendee mwenye zamu kwa adabu, waombe mmoja wao aruhusiwe kukaa kwa saa maalumu, aliyenawa mikono, mtulivu, asiyeleta kelele wala kombe la kumnywesha asiyeweza kumeza. Kazi yake ni kumshika mkono, kumwita kwa jina lake, kumweleza aliko, kumsomea Qur'ani kwa sauti ya chini, na kumwita muuguzi mara aonapo mkono unakwenda kwenye mpira. Wakikataliwa wapokee, kwani chumba kile kina wagonjwa wengine wenye haki. Lakini waulize kila siku: je, leo bado ana haja ya kufungwa? Suali hili peke yake huenda likafungua fundo.

Na aliye msafiri, jamaa zake ni Waislamu wa mji ule. Twawaomba maimamu wa Iringa na Mbeya, na walimu wa madrasa za huko, wapange watu wa zamu kwa makubaliano na hospitali, wamkalie asiye na mtu, awe Muislamu au asiwe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

KHATIMA: Jawabu la ndugu watatu

Ewe ndugu mkubwa. Kuridhia kwako hakuna dhambi. Mgonjwa hakuwa na akili yake, mpira ulikuwa ndio uhai wake, na tabibu alikuuliza. Kosa lako li pahali pengine: uliitoa ridhaa, kisha ukaondoka. Uliiacha kamba ikawa ndiyo ndugu yake. Mzigo wa watu ni amana, nasi hatukatai; lakini ulipasa kwanza kumweka mtu pahali pako, na kuagiza ulizwe kila siku.

Ewe ndugu wa kati. Imani iliyokuingia ni njema, na kifundo kilichovimba kilikuwa na haki ya kutazamwa. Lakini ulipasa kumwita muuguzi, si kufungua mwenyewe ukaacha mkono bila ya kuushika. Mtume (S.A.W.) amemtia dhamana mwenye kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu. Lau mdogo wako angekufa, jambo lingekuwa zito juu yako. Leta istighfari, na umshukuru Mwenyezi Mungu aliyekuhifadhi wewe kama alivyomhifadhi yeye. Wala hukutaka kumuua. Na nduguyo mkubwa anayesema hivyo na aufute usemi wake.

Nawe ewe uliyefungwa. Sikukatalii uliyoyaona. Uchungu ule ni wa kweli, na alama yake i moyoni mwako. Lakini mwizi hufungwa ili aadhibiwe, nawe ulifungwa ili usife. Mmoja katika nduguzo aliogopa kukupoteza akaridhia kamba. Mwengine hakustahimili machozi yako akaifungua. Wote wawili walikuwa wakikupenda, na kila mmoja alikosa katika namna ya kupenda kwake. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya wauguzi na jamaa wana ada ya kumwandikia mgonjwa wa mahututi daftari, siku kwa siku, ili akizinduka ayasome yaliyompita, apate kutenga ndoto na kweli. Basi kaeni ninyi watatu mbele ya mama yenu, na hao wawili wakusimulie kila siku yako kitandani, bila ya kuficha kitu: nani alikuja, nani alilia, nani aliondoka. Kisha usamehe. Haifai kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, nanyi zimekwisha kupindukia.

Na wewe msomaji, kama hukufikwa na haya, yakukaribie. Ukiulizwa kesho na tabibu kama waridhia ndugu yako afungwe, jibu lako lisiwe la "ndiyo" wala la "siyo" peke yake. Uliza: kwa sababu gani, kwa muda gani, na je, naweza kukaa naye?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu na upole wauguzi na matabibu wanaokesha juu yao, awarejeshe salama wasafiri wetu, na atujaalie kuwa watu wa kushika mikono ya wenzetu kabla ya kuhitajiwa kamba.

Wallahu aalam. Wa swalla-llahu ala Sayyidina Muhammad, wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.